Msiwashikie Nguo Wapiga Mawe

Wanangu wa Mbangala, na nyinyi wajukuu mliozaliwa hapa baada ya wazazi wenu kuifuata dhahabu,

Nimeletewa habari kwamba baadhi yenu mmeazimia kuwazuia wale jamaa wanaosali Jumamosi wasisimamishe banda lao la ibada ng'ambo ya korongo. Mmoja kasema ni wapotoshaji. Mwingine karusha kwenye kundi la WhatsApp kipande cha mahubiri yao, sekunde chache tu, na kufikia jioni kila aliyekisikia alikuwa keshatoa hukumu. Mimi nilifundisha historia na Kiswahili mpaka nikastaafu, na jambo lenu hili naliona limekaa kati ya masomo hayo mawili. Ndiyo maana nimeamua kuliandika badala ya kulisemea barazani, ambako mwenye sauti kubwa ndiye husikika.

Tazameni kwanza mnaishi wapi. Mbungu yupo hapa tangu enzi za mababu. Kisha wakaja Wanyiha kutoka Mbozi, Wasafwa, Wanyamwanga wa upande wa Tunduma, Wasukuma na makundi yao ya ng'ombe, na wachimbaji waliotoka Geita na Kahama wakaoa hapa hapa. Kila mmoja alikuja na sala yake. Duarani mnakochimba hamuulizani dini. Kamba ikilegea, anayevutwa juu ni mtu na anayevuta ni mtu. Inaniuma kwamba mkishatoka shimoni, mkaoga na kuvaa nguo safi, hapo ndipo mnaanza kuulizana nani anasali siku gani.

Ugomvi wa Jumamosi haukuzaliwa Mbangala. Uhabeshi, nchi tunayoiita leo Ethiopia, ilikuwa na wafalme Wakristo tangu karne ya 4, na katika karne ya 14 ilitikiswa na swali hili hili. Mtawa mmoja wa kaskazini, Ewostatewos, alishikilia kwamba Sabato ya Agano la Kale haijafutwa, bali iadhimishwe pamoja na Jumapili. Askofu mkuu wa nchi siku hizo aliletwa kutoka Misri, na kanisa la Misri halikukubali mafundisho hayo. Ewostatewos akafunga safari na baadhi ya wanafunzi wake, akapita Misri, akaenda mpaka Armenia na kufia huko mwaka 1352. Waliobaki nyumbani walinyimwa upadri, wakafukuzwa makanisani, wakajitenga kwenye milima ya kaskazini, sehemu ambazo leo ni Eritrea. Huko wakajenga monasteri, wakalima, wakafundisha, wakaongezeka. Mwaka 1400 Mfalme Dawit aliitisha baraza, na kiongozi wao, Filipos wa Debre Bizen, akatiwa kifungoni. Mwaka 1404 mfalme huyo huyo akaamuru waachwe washike Sabato yao. Na mwaka 1450, katika baraza la Debre Mitmaq, Mfalme Zara Yaqob akazifanya Jumamosi na Jumapili zote mbili kuwa siku takatifu kwa kanisa zima. Jambo lililomfunga babu likawa sheria kwa mjukuu.

Mnaweza kuishia hapo mkasema, basi, tuwaache, wakati utaamua wenyewe. Wakati haukumwokoa kila mtu, wanangu. Mfalme aliyeihalalisha Jumamosi ndiye, katika miaka hiyo hiyo, aliyewaua watu wengine kwa ajili ya dini. Hapo ndipo nataka tukae pamoja kidogo.

Zara Yaqob alitawala kuanzia 1434 hadi 1468. Alikuwa msomi. Vitabu vya dini vilitungwa kwa jina lake na kwa amri yake, Kitabu cha Nuru kikiwa kimojawapo, na alitamani kwa dhati nchi yake iwe na imani moja. Lakini alitaka umoja huo uonekane mwilini. Aliamuru Wakristo wabebe kwenye paji la uso na mikononi maneno ya kumkiri Mungu na kumkana shetani. Aliongeza sikukuu za Bikira Maria, akaagiza kitabu cha Miujiza ya Maria kisomwe makanisani. Hofu ya ushirikina ikamwingia hadi chumbani. Wanawe mwenyewe walishtakiwa kwamba wanaabudu mapepo, na baadhi yao wakafa kwa adhabu aliyoitoa yeye, baba yao.

Mbele ya mfalme wa namna hiyo akasimamishwa Estifanos. Huyu alizaliwa Agame, katika Tigray, mwishoni mwa karne ya 14. Aliwafundisha watawa wake kula jasho lao, kunakili vitabu, na kutotegemea fadhila za wakubwa. Alipofikishwa barazani alitakiwa amsujudie mfalme, akakataa. Kusujudu, alisema, ni kwa Baba, Mwana na Roho Mtakatifu peke yake. Kwa sababu hiyo hiyo hakukubali kuusujudia msalaba wala picha ya Maria. Hakuinua fimbo wala hakumtuma mtu achome nyumba ya mwenziwe. Alibaki amesimama tu mahali ambapo wengine wote walikuwa chini.

Akapigwa, akafungwa, akafia kifungoni. Wafuasi wake walikatwa pua, walikatwa ndimi, na mwaka 1454 kundi lao likapigwa mawe. Mwandishi wa habari za mfalme anasimulia kwamba siku 38 baadaye nuru ilionekana angani, na mfalme akaipokea kuwa ishara ya Mungu kupendezwa naye. Akajenga kanisa na makao yake mahali pale. Mji huo upo hadi leo, unaitwa Debre Berhan.

Sasa linganisheni. Watu wa Jumamosi walikuwa wengi, wameishika njia ya kaskazini inayoshuka bahari ya Shamu, na kumsujudia mfalme hawakugoma. Watu wa Estifanos walikuwa wachache na hawakuinama. Kwa maoni yangu, kilichopimwa pale hakikuwa mafundisho bali migongo. Kila mtakaposikia mtu akishtakiwa upotofu, chunguzeni kwanza kama kosa lake ni alichokisema kuhusu Mungu, au ni kwamba kuna mkubwa fulani ambaye hakuinamiwa.

Lipo jambo la pili ndani ya habari hii. Tungekuwa na kitabu kimoja tu, tusingemjua Estifanos kabisa. Wale walioshinda waliingiza visa vyao katika Miujiza ya Maria, na humo watu hawa wanaitwa maadui wa Maria. Kizazi baada ya kizazi cha waumini kilisikia hivyo kanisani, kikaamini. Lakini waliopigwa nao waliandika. Katika monasteri yao ya Gunda Gunde, mahali pa makorongo na miamba kusikofikika kwa urahisi, waliandika maisha ya Estifanos, wakaandika maisha ya Abakerazun aliyemfuata, wakasema kwa maneno yao wenyewe walichoamini na walichotendewa. Ukisoma upande huo unakutana na watu wanaomheshimu Maria na wanaojenga hoja zao juu ya Maandiko. Mateso yalipopungua, Gunda Gunde ikawa moja ya nyumba mashuhuri za vitabu katika Uhabeshi yote. Hati zaidi ya 200 zimehifadhiwa huko, na monasteri yenyewe leo imo ndani ya Kanisa la Orthodox la Ethiopia, kanisa lile lile lililowapiga mawe.

Waislamu miongoni mwenu wanaijua Uhabeshi kwa mlango mwingine. Miaka zaidi ya 800 kabla ya Zara Yaqob, karibu mwaka 615, wafuasi wa Mtume Muhammad walioteswa Makka walivuka bahari wakakimbilia huko. Makuraishi wa mji huo wakatuma wajumbe na zawadi, wakadai warudishiwe watu hao kwa kuwa wameiacha dini ya baba zao. Najashi, mfalme wa Uhabeshi, alikuwa Mkristo, na wajumbe waliwashika maaskofu wake kwa zawadi kabla hawajamwona yeye. Angeweza kuwakabidhi siku ile ile. Badala yake aliwaita wakimbizi barazani na kuwauliza wenyewe wanaamini nini. Jaafar bin Abi Talib akasimama, akaeleza, akasoma sehemu ya Surat Maryam. Najashi alipokwisha kusikia alikataa kuwatoa, na zawadi zikarudishwa. Ni nchi ile ile na imani ile ile ya Kikristo, na Maria yule yule anatajwa katika mabaraza yote mawili. Mfalme mmoja alimwuliza mshtakiwa, mwingine alimpima mshtakiwa kwa mgongo wake. Nawaomba muwe watoto wa huyu wa kwanza.

Kuna kitu nimekipitia haraka hapo juu. Estifanos ni Stefano. Mhabeshi yeyote wa zama zile, akisikia kwamba watu wa Stefano wamepigwa mawe, hakuhitaji kuelezwa zaidi. Akili yake ilikwenda moja kwa moja kwenye Matendo ya Mitume, sura ya 7, kwa shemasi Stefano aliyetolewa nje ya mji akapigwa mawe kwa shtaka la kukufuru. Wenye kupiga mawe wakawa, bila kuambiwa, upande wa waliomwua shahidi wa kwanza wa Ukristo. Jina moja lilibeba hukumu nzima. Na wale wanaoijua sura ile vizuri walikumbuka jambo jingine. Wapiga mawe walivua nguo zao, wakaziweka miguuni pa kijana mmoja aitwaye Sauli. Maandiko hayasemi kwamba Sauli alirusha jiwe siku ile. Yanasema alikuwa kijana, alikuwa anatunza nguo, na alikubaliana na kilichofanyika.

Washairi wa zamani walijenga juu ya uwezo huu wa jina moja. Wahabeshi wana ushairi wao wa Kigeez, qene, unaofundishwa mpaka leo katika shule za kanisa, hasa upande wa Gojjam. Mwanafunzi huacha kwao akiwa mdogo, huomba chakula mlango kwa mlango, hukaa peke yake chini ya mti akitunga, kisha huenda kuusema ubeti wake mbele ya mwalimu. Ubeti huo ukishatumika haurudiwi. Kesho atatunga mwingine. Mistari ni michache, lakini ndani yake atataja Musa, au jiwe la kaburi, au mtakatifu wa siku hiyo, na nyuma ya jina hilo kuna habari ya mfalme, au ya mwalimu, au ya nafsi yake mwenyewe. Wenyewe huita ufundi huo nta na dhahabu, kwa kazi ya sonara anayefinyanga umbo kwa nta, akalifunika kwa udongo, akaliweka motoni nta ikayeyuka, kisha akamimina dhahabu mahali ilipokuwa nta. Nyinyi hamhitaji kwenda Gojjam kulielewa hili. Jiwe mkililamba kwa macho tu pale mdomoni mwa shimo hamwoni kitu. Mnalipeleka karashani likasagwe, mnaupitisha unga kwenye mwalo, mnauosha kwenye karai mkiuzungusha taratibu mpaka ule mstari wa njano ubaki ukingoni. Hakuna kati yenu anayemwaga mchanga kabla hajauosha. Maneno ya watu, mbona mnayamwaga?

Nitawapa mfano wa karibu. Zamani kidogo, katika kata moja ya jirani, mtu mwenye nafasi yake alichukua shamba la mjane. Mashahidi walipatikana, karatasi zikapatikana, na hakuna aliyethubutu kusema. Yakaja mashindano ya kwaya. Kwaya moja ikapanda na wimbo wa shamba la mizabibu la Nabothi. Huku kwetu nani analima mizabibu? Waliimba habari ya Mfalme Ahabu kama ilivyo kwenye Wafalme wa Kwanza, sura ya 21, hawakuongeza jina lolote la hapa. Sauti ya pili ikawa inarudia rudia swali la nabii kwa mfalme. Yule bwana alikuwa benchi la mbele, kofia juu ya magoti. Akina mama waliokuwa nyuma yake wakatazama chini. Naye hakuweza kushtaki, maana angeshtaki nini, Biblia? Baadaye shauri la shamba lile likafufuliwa kwenye baraza la kata. Lakini kuna vijana waliotoka pale wakisema wimbo wa mizabibu ulikuwa mtamu, basi. Hawakuwa wameisoma sura ile, kwa hiyo hawakujua kwamba Nabothi naye alipigwa mawe, kwa ushahidi wa uongo, kwa shtaka la kumtukana Mungu na mfalme. Kwaya ilikuwa imewanyooshea kidole hata wale mashahidi, na wao wakapiga makofi.

Ushairi wetu wa Kiswahili umejaa mambo haya. Chukueni Utendi wa Tambuka, aliouandika Bwana Mwengo kule Pate mwaka 1728. Ndani yake kuna Herekali, mfalme wa Rumi, adui mkuu wa Waislamu katika kisa kile. Mkisoma juu juu mtamwona mfalme mmoja na nyuma yake Wakristo wote wakiwa kitu kimoja. Nyuma ya jina hilo kuna Heraclius aliyetawala Constantinople kuanzia 610 hadi 641, na dola lake lilikuwa limepasuka. Wakristo wengi wa Misri na Shamu walikuwa wameyakataa maamuzi ya baraza la Chalcedon la mwaka 451, na mwaka 638 alitoa tamko la imani akidhani litawaunganisha. Halikumridhisha mtu. Mjukuu wake Constans akaendelea na shinikizo. Mwaka 662 mtawa Maximus, mzee wa miaka zaidi ya 80, alikatwa ulimi na mkono wa kulia ili asiseme wala asiandike tena dhidi ya fundisho la mfalme, akapelekwa uhamishoni, akafa mwaka huo huo. Mwaka 681 baraza kuu likaamua kwamba fundisho sahihi lilikuwa lile la Maximus. Mshairi wa Pate hakuwa na haja ya kuyasema hayo, kwa kuwa utendi wake ulikuwa na kazi nyingine. Msomaji ndiye anayetakiwa kwenda nayo kwenye ushairi.

Sasa turudi kwenye kile kipande cha simu. Nilikisikiliza. Mhubiri anataja watu walioketi kando ya mito ya Babeli wakilia. Mmeshika neno Babeli, mkasema ametutukana, ameiita Mbangala mji wa uovu. Nikamtuma mtoto akaniombee mahubiri yote, nikayasikiliza hadi mwisho. Alikuwa anasema habari ya Zaburi ya 137, habari ya mateka waliochukuliwa mbali na kwao na kutakiwa kuimba wakiwa ugenini. Alikuwa anasema habari ya watu wake, waliokuja hapa na watoto, wanaokaa kando ya korongo kwenye vibanda vya turubai. Ni kweli, kwa mfano huo sisi wenyeji tunakuwa watu wa Babeli, na haipendezi kusikia hivyo. Lakini anayelia katika zaburi ile ni yeye. Mngekuwa mmeisoma, mngekwenda kumwuliza nini kinamliza. Huenda angewaambia habari ya kisima, au ya watoto wake kuzomewa njiani wakitoka shule. Nyinyi mmesikia tusi mahali ambapo mtu alikuwa anaeleza uchungu.

Kwa hiyo nawaagiza msome. Mkristo asome Kurani angalau ajue visa vyake, Mwislamu aijue Biblia, na nyote mrudi kwenye tenzi za kwetu. Msisome ili mbadili dini. Someni kwa sababu jirani yenu anapofungua kinywa, nusu ya anachosema iko katika vitabu alivyolelewa navyo. Asiyevijua atamhukumu kwa nusu iliyobaki.

Msidhani nawatisha kwa mambo ya Uhabeshi ya kale. Ukivuka pale Tunduma ukaingia Nakonde, ukapita Isoka, unafika Chinsali. Huko mwaka 1953 mama mmoja, Alice Lenshina Mulenga, alisema amekufa akafufuka akiwa na ujumbe wa Mungu. Alikuwa mwanafunzi wa dini katika misheni ya Lubwa. Alipinga uchawi, alipinga ulevi, akatunga nyimbo za Kibemba zilizovuta watu kutoka mbali, na kanisa lake la Lumpa likawa na makumi ya maelfu ya waumini. Zambia ilipokuwa inakaribia uhuru, watu wa Lumpa walikataa kushika kadi za chama cha siasa, wakajitenga katika vijiji vyao. Vijana wa chama wakawafuata. Nyumba zikachomwa, makanisa yakachomwa, na watu wa Lumpa nao wakaua. Julai na Agosti 1964 yakawa mapigano na majeshi ya serikali. Mamia ya watu walikufa, wengi wao wakiwa waumini wenye mikuki na shoka mbele ya bunduki. Tarehe 3 Agosti kanisa likapigwa marufuku. Maelfu wakakimbilia Kongo, na Lenshina hakupata tena uhuru wake kamili mpaka alipofariki mwaka 1978. Uhuru wenyewe ulifika tarehe 24 Oktoba 1964, miezi michache tu baada ya damu ile.

Nawataka mshike jambo moja katika habari hiyo: wakubwa hawakuanza wao wenyewe. Ugomvi wa kadi na wa viwanja vya kujenga uliendeshwa vijijini na vijana, marafiki waliokuwa wamecheza pamoja, na ulipofika kwa wakubwa ulikuwa tayari una maiti ndani yake. Kiwanja cha banda ng'ambo ya korongo si kikubwa kuliko vile vya Chinsali. Kama kina tatizo la mpaka, lipelekeni kwa mwenyekiti wa kijiji kama tatizo la mpaka, mlipime kwa kamba, mlimalize. Msilivike joho la dini.

Na nyinyi vijana wa Moravian, ambao nasikia mko mstari wa mbele, mnalijua chimbuko lenu? Wamisionari waliofika Rungwe mwaka 1891 na baadaye Mbozi walitoka katika kanisa ambalo mizizi yake ni kwa Jan Hus, padri wa Bohemia. Aliitwa kwenye baraza la Constance akiwa na hati ya usalama ya Mfalme Sigismund, na bado akachomwa moto tarehe 6 Julai 1415 kama mzushi. Mwaka 1999 Papa Yohane Paulo II alieleza majuto yake kwa kifo hicho cha kikatili. Bibi zenu walibatizwa na watoto wa mtu aliyechomwa. Nani kati yenu atapata ujasiri wa kubeba kiberiti?

Bado nina neno kwa wachache. Kati yenu wapo ambao hawakubaliani na hao wengi, ila mmekaa kimya. Wengine hamkubaliani hata na kanisa au msikiti mliolelewa nao, na mnabeba maswali usiku bila mtu wa kuyatua kwake. Sina ruhusa ya kuwaambia mwamini nini. Naweza kuwaambia watu wa Gunda Gunde walifanya nini. Waliendelea kulima. Walipoulizwa walijibu kwa Maandiko, si kwa ngumi. Mtu akikataa kuinama, kazi yake na mwenendo wake ndivyo vinavyomtetea kabla ya hoja zake, kwa hiyo lipeni madeni yenu, fikeni misibani hata pale msipokaribishwa vizuri, na msidharau sala ya mama zenu.

Kisha andikeni. Watu wa Gunda Gunde wasingeandika, mpaka leo tungewajua kwa jina moja tu, lile la maadui wa Maria, na jina hilo walipewa na waliowakata ndimi. Nunueni daftari pale dukani. Andikeni tarehe, andikeni nani alisema nini na alikuwa anajibu nini, andikeni mnachoamini kwa maneno yenu na kitabu mnachokitegemea. Hao jamaa wa ng'ambo ya korongo wakiomba msaada wa kuandika barua yao kwa ofisi ya kata, waandikieni, na waandikieni kama wanavyosema wao. Anayehitaji kalamu au karatasi aje kwangu, mchana wowote nipo.